Kabla ya kuchagua chuo, soma jina la shahada

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, kwa kawaida mwezi wa Julai, nyumba nyingi za Unguja na Pemba huingia kwenye mjadala ule ule. Baba anataka chuo cha serikali. Mjomba aliyesoma Dodoma anasema mtoto avuke bahari akajifunze maisha. Mama anaulizia dahalia. Binti mwenyewe keshasema anataka kusomesha watoto wadogo, wa skuli ya msingi, na wote wameliridhia hilo, kisha wanakaa kubishana juu ya chuo. Swali lililostahiki kutangulia hakuna aliyeliuliza: hiyo shahada anayotaka kuiomba inamtayarisha mtu asomeshe darasa gani?

Wengi hupotelea hapo. Sehemu kubwa ya shahada za ualimu katika vyuo vikuu vyetu, Visiwani na Bara, imeundwa kutoa walimu wa sekondari. Ukiona Shahada ya Sanaa na Ualimu, au ya Sayansi na Ualimu, jua kwamba mwanafunzi atachukua masomo mawili ya kusomesha, tuseme Kiswahili na Historia, au Kemia na Biolojia. Juu yake ataongezewa saikolojia ya elimu, falsafa, mitaala, upimaji, na mbinu za kusomesha hayo masomo yake mawili. Akimaliza anaweza kuingia kidato cha tatu akasomesha Kemia vizuri tu. Namna ya kumfikisha mtoto wa miaka sita kwenye kuunganisha silabi hajafundishwa, kwa sababu si kazi aliyoandaliwa. Na mwalimu wa msingi, hasa wa madarasa ya chini, hana anasa ya masomo mawili. Asubuhi moja anasoma nao, anahesabu nao, anaimba nao, na katikati yake anamfunga mtu viatu.

Kuchagua chuo kwa kutazama lango lake bila kuisoma shahada ni sawa na kununua kanga usiku kwa kupenda rangi. Kesho yake ndipo unapolisoma jina na kukuta humpelekei mtu uliyemkusudia.

Yapo majina yanayokaribia zaidi kile anachokitaka binti huyu. Shahada za ualimu wa elimu ya awali, ambayo sisi huku tumezoea kuiita maandalizi, zinatolewa na vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na zinagusa umri ule ule wa madarasa ya mwanzo. Ipo elimu maalumu, kwa anayetaka kusomesha watoto wenye ulemavu au mahitaji mengine. Skuli zetu zikizidi kuwapokea watoto hawa katika madarasa ya kawaida, mwalimu wa namna hiyo ana kazi kila mahali. Zipo pia za saikolojia ya elimu na za utawala na mipango ya elimu. Hizi mbili za mwisho ni nzuri kwa wanaozitaka, ila mtu asizichukue akidhani neno elimu kwenye jina linatosha kumweka mbele ya ubao wa darasa la pili.

Kuna wanaouliza: kuna ugumu gani hata mtu asomee shahada kusomesha watoto wa msingi? Si yale yale anayoyajua kila aliyepita skuli? Chukua hesabu hii: 43 kutoa 17. Mtoto anaandika 34. Mtu wa Kidato cha Sita ataliona kosa papo hapo, jibu ni 26, na atamwambia mtoto arudie. Mtoto atarudia, na atapata 34 tena, kwa sababu hakukosea kwa uzembe. Ana kanuni yake. Katika kila safu katoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: kwenye mamoja, 7 kutoa 3 ni 4, kwenye makumi, 4 kutoa 1 ni 3. Kwake mambo yamekamilika, maana siku moja aliambiwa kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo, naye akashika.

Mwalimu aliyesomea kazi hii anaijua kanuni ya mtoto kabla mtoto hajashika kalamu. Hamwambii arudie. Anachukua njiti za chelewa, anafunga mafungu manne ya kumi kumi, anaweka pembeni njiti tatu, kisha anamwambia mtoto atoe saba. Tatu hazitoshi. Mtoto anamtazama mwalimu, anazitazama njiti, mwisho anauliza kama anaruhusiwa kufungua fungu moja. Hapo somo limeshaingia. Sasa ana mafungu matatu na njiti kumi na tatu; zikitoka saba zinabaki sita, likitoka fungu moja yanabaki mawili. Kule kukopa anakoimbishwa ubaoni kumepata mwili. Jambo hili linasomewa, lina vitabu vyake na utafiti wake, na kwenye shahada ya Fizikia na Hisabati ya walimu wa sekondari humkuti mtu analisomesha.

Basi unapopewa orodha ya masomo ya kozi, na kila chuo kinayo, tafuta hayo kwanza. Kuna somo la kufundisha kusoma na kuandika kwa wanaoanza? Kuna mbinu za hisabati za msingi, au kuna hisabati tupu? Kuna kutengeneza zana kwa vitu vya hapa hapa, makombe, vifuu, vizibo vya chupa? Orodha iliyojaa falsafa na historia ya elimu na ikawa na somo moja la mbinu mwaka wa tatu, hiyo imekwambia yenyewe inamtayarisha nani.

Fundo la pili ni la Muungano, na ndilo linalowachanganya hata wazee waliosoma. Elimu ya juu imo katika Mambo ya Muungano. Kwa hiyo chuo kikuu kiwe Tunguu au kiwe Dodoma, msimamizi ni mmoja, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, na shahada zake zina uzito mmoja. Elimu ya maandalizi, msingi na sekondari si ya Muungano. Hiyo iko chini ya Serikali ya Mapinduzi, kwenye Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na mitaala yake inaandaliwa na Taasisi ya Elimu Zanzibar. Kidato cha Nne na cha Sita tunafanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania pamoja na wenzetu wa Bara. Ile ya madarasa ya chini ni ya Baraza la Mitihani la Zanzibar.

Maana yake ni hii: mtu anaweza kupata shahada safi Bara, inayotambulika popote, na bado akarudi kusomesha kwa mtaala ambao hakuwahi kuufungua. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliifanya elimu ya msingi iwe ya miaka sita, wakati Bara darasa la saba likiendelea. Sera hiyo hiyo ilizipeleka Hisabati na Sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, ilhali skuli nyingi za serikali za Bara zinasomesha msingi kwa Kiswahili. Mwalimu wa darasa la tano Makunduchi anatakiwa amtoe mtoto kwenye Kiswahili amwingize kwenye Kiingereza ndani ya somo la sayansi, huku sayansi yenyewe isipotee njiani. Hilo ni jambo la kusomewa peke yake, na chuo kinachowaandaa walimu wa skuli za Bara hakina sababu ya kulipa umbele.

Sisemi watu wasiende Bara. Wanaorudi kutoka Dodoma na Dar es Salaam wanarudi na mengi, na kwa elimu ya awali na elimu maalumu huko kuna wataalamu waliobobea. Ninachosema ni kwamba anayekwenda aende na mtaala wa Zanzibar kwenye begi, na aulize mapema kama ataruhusiwa kufanya mazoezi ya kusomesha katika skuli za nyumbani.

Tena kuna jambo ambalo muhtasari wowote wa somo, wa Bara au wa huku, haulitaji sana. Watoto wetu wengi hufika darasa la kwanza wakiwa wameshaanza chuoni kwa maalim, yaani chuo cha Kurani. Alifu na bee wanazijua, na mkono umezoea kutoka kulia kwenda kushoto. Mwalimu mgeni akimwona mtoto anaanza kuandika jina lake upande wa kulia wa daftari, atadhani ni mzito. Kumbe huyo ana mwaka mzima au zaidi wa kusoma. Anajua kwamba alama ina sauti yake, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kujifunza kusoma. Kinachotakiwa ni kumgeuza upande tu. Mwanafunzi wa ualimu atakayefanya mazoezi yake Micheweni au Mwera atalikuta hili wiki ya kwanza.

Sasa vyuo vyenyewe. Kwa miaka mingi mwalimu wa msingi wa Zanzibar hakutoka chuo kikuu. Alitoka chuo cha ualimu, kwa cheti au stashahada, na jina lililotajwa zaidi lilikuwa Nkrumah, pale Beit el Ras, kwenye njia ya daladala za 502 za Bububu. Wakufunzi wa pale walikuwa walimu waliokula chaki. Baadaye Nkrumah kikaingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ambacho kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Makao makuu yako Tunguu, na kwa Pemba kuna kampasi ya Benjamin Mkapa, Mchangamdogo, Wete. Kwa mtoto wa Pemba hiyo kampasi ni ya kutazamwa kwanza, kabla ya kupiga hesabu za boti, chumba cha kukodi na chakula cha Unguja. Lakini aulize ni kozi zipi hasa zinasomeshwa pale pale, maana kozi kuwa ya SUZA haina maana kwamba inapatikana kila kampasi.

Chukwani kuna Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Hiki kilizaliwa 1998 kikiwa chuo cha elimu, kabla ya kupewa jina la daktari yule wa Kuwait, kwa hiyo ualimu ndio msingi wake. Shahada zake zinazojulikana zaidi ni zile za sanaa na sayansi pamoja na ualimu, na tumeshaona zinaelekea wapi. Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, nacho kilianza 1998, ila sifa yake imejengeka zaidi kwenye sheria na biashara. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, cha sheria ya 1992, kina kituo Zanzibar, na kinamfaa mtu mwenye kazi au mwenye watoto. Kwa kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa mimi ningesita, kwa sababu ualimu wa msingi unahitaji mtu wa kukaa nyuma ya darasa akakutazama.

Hilo la kutazamwa ndilo ningelipa uzito kuliko jina la chuo. Mazoezi ya kusomesha yapo katika kila kozi ya ualimu, lakini yanatofautiana sana. Uliza yanafanyika mara ngapi na kwa muda gani. Uliza yanafanyika skuli za msingi au za sekondari. Jibu la swali hili moja linaweza kukumalizia safari nzima, kwa sababu chuo kinachompeleka mwanafunzi sekondari kinamwandaa kwa sekondari, hata kijitabu chake kiseme nini. Uliza mhadhiri huja mara ngapi, na akija hukaa kipindi kizima au hutia saini akaondoka. Wa kuwauliza si watu wa udahili. Ni wanafunzi wa mwaka wa tatu, na unawakuta kituoni wakingoja daladala. Watakwambia yote.

Uliza pia kama kuna wahadhiri waliowahi kusomesha msingi wenyewe. Mtu anaweza kuwa na shahada ya uzamivu ya elimu na hajawahi kukaa na watoto sitini wa darasa la kwanza mkondo wa mchana, jua likiwa juu ya bati, na nusu yao wanasinzia. Nadharia yake itakuwa sahihi. Lakini mwanafunzi wake anahitaji vilevile mtu wa kumwambia ni nani wa kukaa mbele, na somo la kuhesabu liwekwe saa ngapi.

Kwa upande wa sifa za kuingia, mambo ni mepesi kuliko yanavyosimuliwa. Kiwango cha chini cha TCU kwa wanaotoka Kidato cha Sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya Kidato cha Sita aliyoyafaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kozi nyingi hutaja pia prinsipo hizo ziwe za masomo gani, na hapo ndipo wengi hukataliwa wakiwa na pointi za kutosha. Anayepitia stashahada anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, isiyopungua 3.0, au wastani wa B kwa stashahada za ualimu, pamoja na pasi nne za Kidato cha Nne.

Na hiyo njia ya stashahada isidharauliwe. Kwa anayetaka msingi kweli kweli, kuanza na stashahada ya ualimu wa msingi, akaingia darasani, kisha akarudi kuchukua shahada, mara nyingi ni njia bora kuliko kukimbilia shahada ya sekondari akitumaini atapangiwa msingi. Gharama yake ni miaka. Faida yake ni kwamba anapofika chuo kikuu ana maswali. Mwenye nia hiyo ailinde GPA yake tangu muhula wa kwanza; 2.9 ikishaandikwa kwenye cheti hakuna wa kuifuta.

Maombi, tangu 2017, hupelekwa chuoni moja kwa moja, na TCU hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili wenye kozi zote zilizoidhinishwa na sifa zake. Kozi ambayo haimo humo usiilipie hata ada ya fomu. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa, ndani ya siku zilizotangazwa. Akinyamaza, nafasi inapotea. Kwa fedha kuna milango miwili: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, na ile ya Muungano iliyoanza kukopesha 2005. Anayefikiria kusoma nje ya nchi aulize TCU kuhusu utambuzi wa chuo kabla ya kupanda ndege.

Kuna kundi jengine ambalo mjadala wa nyumbani haulitaji: walimu wa msingi walioko kazini, wenye cheti au stashahada, wanaotaka shahada. Hawa ndio wanaofanya chaguo lenye madhara makubwa zaidi kwa skuli zetu, na hawalaumiki. Mwalimu hodari wa darasa la pili anatafuta shahada, anakuta iliyo karibu na yenye nafasi ni ya Kiswahili na Historia, anaichukua, anafaulu, na sasa sifa zake ni za mwalimu wa sekondari. Anahamishwa, na mara nyingi anashukuru, kwa sababu kidato cha pili kinaheshimika mtaani kuliko darasa la pili. Watoto waliokuwa wakisoma kwake wanapewa mwengine anayeanza upya.

Anayetaka shahada na kubaki msingi inambidi ajipange zaidi. Atafute shahada ya elimu ya awali, ya msingi au ya elimu maalumu, hata ikimlazimu kungoja mwaka mmoja au kusoma kwa masafa. Ombi la ruhusa ya masomo alipitishe kwa mwalimu mkuu hadi ofisi ya elimu ya wilaya, na jina la kozi liandikwe kama lilivyo kwenye mwongozo wa TCU. Asitosheke na maneno «shahada ya elimu», kwa sababu akimaliza faili litasomwa na mtu mwengine, na atakachokitazama ni karatasi hiyo. Huku nyuma asiache kuhudhuria mafunzo ya kituo chake cha walimu, Michakaeni, Mitiulaya, Dunga au kilicho karibu naye. Huko ndiko mitaala mipya inakofafanuliwa kwanza, na mara nyingi mhadhiri wake atakuwa bado hajaiona.